Siku Kinanda Kilipomlilia Mdogo Wangu

Mdogo wangu alikuwa amelala kwenye mkeka, nyumbani kwetu mtaa wa Munuki, miguu imevimba, akaniambia, "Dada, usiwaache wanipeleke kimya kimya."

Alitaka kilio cha kwetu. Si kile cha machozi tu. Mwanamke akifa, mmoja wa rika lake husimama upande wa kichwa cha kaburi, anatoa sauti moja ndefu inayotetemeka, na wenzake wa rika wanamwitikia. Akishaitikiwa ndipo udongo unatupwa. Asiyeitikiwa, kwetu tunasema hajaagwa.

"Nitakulilia mimi," nikamwahidi, na nilijua nadanganya. Tangu nikatwe rovu la shingo tulipokuwa Kenya, sauti yangu imebaki upepo. Na waliojua kuanzisha kilio wamekwisha. Majina yao ninayo yote kichwani, wa kwanza mpaka wa mwisho, ila hapa siyaandiki. Wengine hata hatujui wamelala wapi.

Alikufa asubuhi, chai haijachemka. Maziko yakawekwa alasiri ile ile.

Mjukuu wangu, binti wa marehemu mwanangu, anapiga kinanda kanisani. Ana kile anachokiita sintesaiza, kina vitufe vya kuzungusha vingi kuliko sufuria zangu. Aliniona nimekaa nimeshika koo.

"Shosho, si ni sauti ya kutetemeka tu? Hii mashine inaweza."

"Mashine imefiwa na nani?"

"Wacha maneno, kuja uskie."

Akabonyeza. Sauti ikatoka imenyooka kama waya. Akanieleza kwamba mle ndani kuna wimbi lingine, la polepole sana, ambalo lenyewe sikio halilisikii. Kazi yake ni kuishika ile sauti unayoisikia na kuitikisa. Kitufe kimoja ni cha mwendo wa lile wimbi, kingine cha nguvu yake. Akazungusha.

"Hiyo ni gari ya polisi," nikamwambia.

Akazungusha tena.

"Sasa ni mbuzi."

Tukacheka, jamani, na chumba cha pili walikuwa wanamwosha marehemu.

"Basi nionyeshe, Shosho. Ilikuwa inatetemeka aje?"

Sauti sina. Nikainua mkono, nikautetemesha kama koo za wenzangu zilivyotetemeka, taratibu kwanza, halafu upesi. Yeye akaufuata mkono wangu kwa kitufe. Akapunguza nguvu kidogo, akafanya lile wimbi lishike na ukubwa wa sauti, ikawa inajaa na kuzama, inajaa na kuzama. Ni kama mmoja wetu ameingia nyumbani.

"Hapo! Kalas, usiguse tena."

Jirani aliyekuwa anaosha akatokea mlangoni, mikono inachuruzika maji. "Nani huyo analia?"



Kaburini tukaweka spika upande wa kichwa, betri imeletwa na bodaboda. Wa rika letu walikuja wanne, wawili kutoka mtaa wa Hai Jalaba, kila mmoja na fimbo yake. Mjukuu akabonyeza. Wale wanne wakainua videvu, wakafungua midomo, wakangoja.

Nikaona wanachongoja. Mwanzishaji huishiwa pumzi. Pale anapokata ndipo wenzake huingia. Mashine haikukata. Ilitetemeka, ikatetemeka, mjukuu wangu amefumba macho, amebonyeza kwa upendo wake wote. Nikataka kupiga kelele aachie, ukatoka upepo. Nikampungia mkono. Alipofumbua macho akauona mkono wa bibi yake unatetemeka hewani, akadhani namwambia aendelee. Akaongeza sauti.

Mmoja wa wale wanne akafunga mdomo. Kisha mwingine. Mchungaji, naona aliona muziki umezidi, akawaashiria wenye koleo. Udongo ukaanguka, na bado ilikuwa inalia.

Kosa ni langu. Mkono hauvuti pumzi. Nilimwonyesha mtoto kutetemeka, kukata sikumwonyesha, na mdogo wangu yuko chini bila kuitikiwa. Kaburi halifunguliwi mtu akaagwe upya.

Jumapili iliyofuata mjukuu alikuja na mashine yake begani. "Malesh, Shosho, nisamehe. Nimeiwekea pumzi. Nimeweka wimbi la pili, la polepole zaidi, linafunga sauti halafu linaifungua."

"Ni ya kumlilia nani hiyo?"

Akainamisha uso, akajifanya anatafuta waya. Nikajua ni yangu.

Tangu siku hiyo wawili kati ya wale wanne wamekufa. Yeye bado huja kuijaribu, nami namkatalia kwa mdomo tu, kisha nakaa nasikiliza. Inalia vizuri, siwezi kusema uongo. Inakata. Inangoja. Tunatazamana mimi na yeye, hakuna anayeitikia, na mashine inaanza tena peke yake.