Mtihani wa Juu ya Manga

Mwalimu alitaka tuiite Kozi ya Kunusurika Porini. Nilimwambia apunguze.

"Pori gani, mwalimu? Hapa Manga chai imefika mpaka mlango wa choo."

Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi kutoka Kisii mjini, kamba kiunoni, filimbi shingoni. Kanisa letu lilikuwa limemwomba afundishe watoto siku moja wakati wa likizo ya Agosti: kuwasha moto kwa kuni zilizolowa, kujijengea kibanda cha majani, kushika njia bila kupotea. Mimi nilipewa usimamizi wa watoto kwa sababu nauza ndizi, na watu huamini kwamba anayejua kuhesabu mikungu anaweza kuhesabu chochote.

"Basi tuite Stadi za Maisha ya Nje," akasema.

"Nje ya nini? Mtoto akienda mtoni, akatafuta kuni, akarudi kabla ya mvua, sisi tunasema ametumwa. Nani atamtoa mtoto nyumbani aje afundishwe kutumwa?"

Sikuwa natania tu. Siku pekee aliyokuwa na nafasi ilikuwa Jumapili. Sisi Wasabato hupumzika Jumamosi, kwa hiyo Jumapili ni siku ya kuchuma majani chai, na hata mikono ya watoto ina kazi. Ukimwambia mama wa hapa unampeleka binti yake matembezini siku ya majani, atakucheka na kuendelea kuchuma. Lakini kuna neno ambalo hakuna mzazi wa Kisii wala Nyamira anayebishana nalo. Mtoto mwenye mtihani hatumwi popote, na asubuhi huchemshiwa yai.

"Uite mtihani," nikamwambia. "Utawapata wote."

Hakupenda. Alisema jina lina maana yake. Nilimjibu kwamba jina ni gunia tu, muhimu ni kilichomo ndani. Tulivutana, nikajifanya naondoka, nikapiga hatua tatu, akaniita. Nilijiona mshindi.

Walikuja watoto ishirini na watatu. Nilihesabu mara mbili. Mmoja alikuwa binti wa jirani yangu, miaka kumi na mmoja, mkimya, sketi imepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Mama yake alinisindikiza mpaka njiani, kikapu cha majani tayari mgongoni.

"Omong'ina," akaniita kwa heshima ya mama mzima, ingawa tuna umri mmoja, "huyo nakuachia. Akisikia mtihani huwa hata hali."

Juu ya mlima wa Manga, mwalimu aliwapa kazi ya mwisho: kila mtoto ajijengee kibanda peke yake, asivuke mikaratusi. Ng'ambo ya ile miti ardhi hukatika ghafla, na ukitupa jiwe huko hulisikii likifika. Binti wa jirani akainua mkono.

"Tukikwama, tuite?"

Mwalimu alifungua mdomo ajibu. Nikamtangulia, nikitaka kuchekesha watu. "Kwenye mtihani gani unaita jirani? Ukiita, umeanguka. Ukiitwa, usigeuke."

Walicheka. Binti wa jirani hakucheka.

Saa tisa ukungu ulipanda, na nyuma yake mvua ya mawe. Mwalimu alipuliza filimbi, watoto wakakimbilia banda la kupimia majani chai wakiwa wamejifunika majani ya migomba. Nikahesabu. Ishirini na wawili. Nikahesabu tena kutoka upande wa pili, nikiwagusa vichwa. Ishirini na wawili. Binti wa jirani hakuwapo.

Nimewahi kuogopa sokoni, nimewahi kuogopa hospitalini. Hofu hii ilikuwa nyingine. Tulirudi kwenye miti, mimi na mwalimu na msichana mkubwa aliyekuwa amejenga karibu naye. Tuliita jina lake mpaka sauti ikakwaruza. Mwalimu alipuliza filimbi. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nilinyoosha mkono na kuona vidole vitatu tu. Mahali alipojenga kwanza tulikuta fito zimeanguka, na nyayo zikielekea ng'ambo ya mikaratusi, ambayo kwa ukungu ule hata yeye asingeiona.

Mwalimu alijifunga kamba yake kwenye mti, bila kuniambia kwa nini. Sikuuliza. Kichwani nilikuwa namwona jirani yangu akiinuka katikati ya majani chai, akinitazama ninavyokuja peke yangu.

Nikaita tena. Msichana mkubwa akanivuta nguo.

"Hawezi kukujibu, mama. Ulisema akiitwa asigeuke."

Tulikuwa tumemwita kwa zaidi ya nusu saa, na kila tulipomwita tulikuwa tunamjaribu. Nikakusanya pumzi yote niliyobaki nayo.

"Muda umekwisha! Kalamu chini!"

Kisha, karibu kuliko nilivyodhani, sauti ndogo: "Niko hapa."

Alikuwa amejikunja kati ya mawe mawili, juu yake majani ya migomba yamepangwa kama vigae, hata tone halipiti. Kazi safi. Kutoka miguuni pake mpaka ukingoni zilikuwa hatua tisa. Nilirudi kuzipima hali ya hewa ilipotulia, mara mbili, nikitumaini ya pili itatoa kumi.

"Nimepita?" akaniuliza. Meno yalikuwa yanagongana. Nilimbeba, na miaka yake kumi na mmoja, mpaka kwenye banda.

Tukishuka mwalimu alisema kwa sauti ya chini kwamba hakuna haja ya kuwashtua wazazi, mtoto si ameonekana. Sikubishana naye. Kwa mara ya kwanza sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu.

Mama yake alitua kikapu alipotuona. Alimshika binti kichwa, shingo, mikono, akaona ubaridi. Watoto waliotutangulia walikuwa wameshamwambia kwamba alipotea.

"Walikuita?"

"Waliniita."

"Uliwasikia?"

"Niliwasikia wote."

"Na hukuogopa?"

"Niliogopa sana, mama."

"Sasa mbona hukuitika?"

Binti alinitazama mimi, si mama yake, na nikaelewa kwamba angenyamaza kama ningemwachia. Nikamwomba jirani yangu aketi, nikaanza kumweleza, nikianzia siku tuliyokuwa tunatafuta jina la kozi.