Maandishi Madogo Chini ya Jedwali

Mume wangu alikuwa fundi saa tangu Unguja, na vidole vyake vilizoea vitu vidogo kuliko punje ya mchele. Kizungu ndicho kilichomshinda. Tulipofika London, miaka michache baada ya mapinduzi, alipata kazi Walthamstow kwa Mwingereza mmoja mzee mwenye duka la saa. Alikaa chumba cha nyuma kutwa nzima na lenzi jichoni, na hakuhitaji maneno mengi. Maneno yalikuwa kazi yangu.

Mimi nilisoma skuli mpaka darasa la kumi, na katika zile fleti za kaunsili, nyumba za serikali ya mji, tulizokuwa tukikaa Tottenham nilijulikana kwa hilo. Watu wa kwetu, Wakenya pia, walinigongea mlango na barua zao. Nilizisoma nimesimama, kikombe cha chai mkononi, kama mtu anayepitia gazeti. Kila barua ilikuwa na neno moja au mawili nisiyoyajua, nami niliyaruka bila ya kusita. Hakuna aliyegundua. Nilipenda mno kusikia wakiambiana kwenye ngazi, "Mpelekee yule bibi wa ghorofa ya tatu, yeye anajua."

Yule mwenye duka alikuwa mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha. Jumapili moja alimchukua mume wangu huko, na mume wangu aliporudi alikaa mezani bila ya kugusa chakula.

"Wakati ule wa mapinduzi," akaniambia, "waliponisimamisha na uso ukutani dukani kwangu, bunduki sikuiona. Niliisikia tu nyuma yangu ikikokiwa. Leo nimeishika bastola, nimeifungua, nimetazama ndani. Ni mashine tu, bibie. Ina springi kama saa."

Sikumzuia. Alijiunga na klabu, polisi wakaja kukagua kabati la chuma la silaha tulilolifunga ukutani, nami nikatafsiri. Baadaye alinunua bastola ya silinda iliyokwishatumika, ya aina ile yenye nguvu wanayoiita magnum. Kilichomvutia hasa, lakini, kilikuwa kujaza risasi zake mwenyewe kama walivyofanya wenzake. Unachukua ganda tupu la shaba, unalitia kitakoni fataki mpya, kile kidude kinachoiwasha baruti, unapima baruti kwa mizani, kisha unashindilia kichwa cha risasi juu yake. Nilimwona akifurahi kwa mara ya kwanza tangu tuondoke kwetu.

Alinunua kitabu cha kazi hiyo, kinene, chote majedwali. Jioni nilimsomea. Tulichagua pamoja: vichwa vya aina gani, uzito gani, baruti ipi. Aliichagua baruti moja inayoungua polepole kwa sababu kitabu kilisema ndiyo inayofaa risasi nzito. Chini ya jedwali lake palikuwa na mistari mitatu ya maandishi madogo. Niliyasoma kimoyomoyo. Maneno mawili sikuyajua.

"Hapo chini wamesema nini?" akauliza.

"Mambo ya kiwanda tu. Hakuna la maana."

"Una hakika?"

"Unataka kusoma mwenyewe?"

Nililisema hilo nikijua hawezi.

Kwenye duka la silaha, muuzaji alituuliza tunataka fataki za kawaida au zile kali. Sikujua tofauti, na nyuma yetu walisimama wanaume wawili wakisubiri. Nilipaswa kumgeukia mume wangu na kumuuliza. Nikasema za kawaida.

Yeye kwa kuwa mwangalifu aliamua kuanza na baruti kidogo kuliko iliyoandikwa. "Tuanze chini," alisema, "tutapanda taratibu." Kwa akili ya mtu yeyote lilikuwa jambo la busara.

Jumapili iliyofuata nilikwenda naye. Wake wa wanachama walikaa nyuma ya kioo kwenye chumba cha chai. Nilimwona akisimama kwenye nafasi yake, akanyoosha mikono na kuvuta kifyatulio. Wengine wakipiga, kioo kilitikisika. Yake ilitoa mlio hafifu, kama chupa iliyozibuliwa. Akaitazama bastola, akainyoosha tena. Msimamizi wa uwanja alikuja mbio akipiga kelele, akamshika mkono na kuukandamiza juu ya meza.

Kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama ndani ya mtutu. Lau angevuta mara ya pili, bastola ingepasuka mkononi mwake. Walipoifungua, chembe za baruti ambazo hazikuungua zilimwagika mezani, za manjano, kama unga wa dengu.

Waliniita niwatafsirie. Msimamizi alikuwa na kile kitabu mkononi, nakala ya klabu, na kidole chake kilikuwa juu ya ile mistari mitatu.

"Muulize kama anajua kusoma," akaniambia. "Imeandikwa hapa. Baruti hii haipunguzwi, na inataka fataki kali. Ukiipunguza haiungui sawasawa, na risasi inakwama. Muulize alikuwa anafikiri nini."

Mume wangu alinitazama. "Wanasemaje?"

"Wanasema kuna kasoro kwenye bastola."

"Waambie nilifuata kitabu. Waambie ulinisomea, mara mbili, na mimi nikapunguza baruti kwa usalama."

Nikamgeukia msimamizi. Nakumbuka kila neno nililolisema kwa Kiingereza changu kizuri: "Anasema hakuzingatia maandishi. Anasema amefanya ujinga, na anaomba radhi."

Mume wangu, asiyejua nimesema nini, aliitikia kwa kichwa kukubaliana nami.

Hawakumfukuza. Waliamua asijaze risasi tena, atumie za kiwandani tu, na kila akipiga mtu asimame nyuma yake. Kwake nilisema ni utaratibu mpya. Miezi mitatu alivumilia. Wale waliokuwa wakimwita aje kutazama mizani zao waliacha kumwita, na bosi wake hakumchukua tena kwa gari lake; tukawa tunapanda basi.

"Anasimama nyuma yangu kabisa," aliniambia siku moja. "Nasikia pumzi yake. Mbona wengine hawasimamiwi?"

"Ni kwa sababu sisi ni wageni," nikamjibu. Niliwasingizia ubaguzi watu ambao siku ile walikuwa wameniuliza swali la haki.

Mwishowe aliiuza bastola, na mashine ya kushindilia, na mizani. Tulirudi tumekaa ghorofa ya juu ya basi, mikono yake mitupu magotini. Alikuwa akitazama maduka kule nje, akasema, kwa upole tu, "Ningependa kujua niliwakosea nini."

Sikuweza kuendelea na uongo. Nikamwambia yote: maandishi madogo, fataki, swali la msimamizi, na maneno niliyomsemea. Alisikiliza bila ya kunitazama.

"Kusoma vibaya si kitu," akasema. "Kila mtu hukosea. Mimi nimeharibu saa za watu." Kisha akauliza, "Walipouliza kama najua kusoma, hukuwaambia kwamba wewe ndiye uliyenisomea?"

"Sikuwaambia."

"Ulisema amefanya ujinga. Kwa mdomo wangu."

"Ndiyo."

"Hebu niambie kwa Kiingereza. Kama ulivyosema."

Nikayarudia yale maneno ndani ya basi, na mwanamke wa kiti cha mbele akageuka kututazama. Mume wangu aliyarudia taratibu baada yangu, neno kwa neno, kama anayejifunza.

Niliandika barua kwa msimamizi, nikaeleza ukweli. Hakujibu, au labda alijibu na barua ikapotea. Sikufuatilia zaidi, na hilo nalo linaniaibisha. Mume wangu alijiandikisha darasa la Kiingereza la watu wazima. Ndani ya nyumba tuliishi vizuri. Hakunitukana wala hakuninunia, na wageni wasingejua kama pana kitu.

Lakini tangu siku hiyo hakuniomba tena nimtafsirie. Alipougua moyo, miaka mingi baadaye, nilikwenda naye kwa daktari. Kiingereza chake kilikuwa bado kinachechemea, na alihangaika kutafuta neno la maumivu yanayokuja na kuondoka. Nililijua neno hilo. Daktari alinitazama mimi, akauliza kama ningependa kusaidia.

"Hapana, asante," mume wangu akamjibu. "Nitasema mwenyewe."

Akaniomba nimsubiri nje. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, nikiisikia sauti yake kupitia mlango ikisimama, ikirudi nyuma, ikianza upya.