Ushahidi Nilioutoa juu ya Klachi ya Baba

Krrrak! Asubuhi hii, chini ya dirisha la binti yangu hapa Al-Shumaisi, Riyadh, kijana mmoja ameingiza rivasi, na giaboksi ya pikapu yake ikasaga kama meno yanayotafuna mchanga. Mjukuu wangu, mwenye umri wa miaka minane, akasema bila kuinua macho: "Huyo hajui kuendesha, Babu. Watu wote wa jengo wanasema." Nimeweka kikombe chini kwa kishindo, chai ikamwagika. Ghadhabu yangu hii haikumlenga yeye. Ina umri wa miaka mingi kumshinda mama yake, na leo nitawaeleza ilikozaliwa.

Nilipokuwa na miaka hiyohiyo minane, tuliishi Bani Malik, Jeddah, katika vyumba viwili vilivyonuka bizari na mafuta ya taa. Baba yangu, Suleiman, alikuwa dereva wa kafili wake, mwenyeji aliyemdhamini kufanya kazi, na kwa ikama ya Baba, kibali chake cha ukaazi, ndiyo sote tulikaa nchini: Mama, mimi na dada yangu mchanga. Gari lilikuwa jeupe, refu, la gia za mkono. Baba alilifuta kwa mahaba kiasi kwamba Mama aliliita mke mwenza.

Majira ya vumbi yalipoingia, mama mzazi wa kafili alikata kipande cha zulia nene la sebuleni kwake, lenye maua mekundu, akakitandika kwa mkono wake mwenyewe miguuni pa dereva, mchanga usije ukaliharibu gari. Kitu alichokiweka bibi yule hakuna aliyekigusa. Siku chache baadaye giaboksi ikaanza kulia.

Mtaa mzima ukageuka mafundi. Mzee Haji, jirani yetu mshona kanzu, ambaye hakuwahi kushika usukani maishani mwake, alitangaza kutoka mlangoni: "Suleiman anavuta gia kabla ya kukanyaga klachi! Mkono ule ni wa kuvuta punda!" Watu wakaangua kicheko. Nami nilicheka.

Ijumaa moja, baada ya swala, kafili alikuja nyumbani. Baba alikuwa bado msikitini. Akaniinamia, ndevu zikinukia udi.

"Mtoto hasemi uongo. Wewe hukaa karibu na baba yako garini. Yeye hukanyaga klachi kwanza?"

"Hapana, ami. Huvuta gia kwanza."

Sikuwahi kuliona jambo hilo hata mara moja. Nilikuwa nimelisikia tu, nikalisema kama shahidi, kwa kuwa mtu mkubwa ameniinamia na utamu wa kusikilizwa ulinilevya.

Baba aliporudi alitakiwa kukabidhi funguo, na kufanya safari ya kurudi kwao. Hakubishana. Aliomba jambo moja tu: alikague gari mbele ya wote. Akiwa amezima injini, aliingiza gia zote, moja baada ya nyingine, zikaingia kimya. Akawasha, akaingiza rivasi: krrrak!

"Bosi, zingekuwa zimelika zile pete za shaba ndani ya giaboksi, ingelia gia moja au mbili, tena gari likienda," alisema. "Hii inalia gari limesimama, na ikizimwa injini inanyamaza. Giaboksi ni nzima. Klachi ndiyo haiachii."

Akainama chini ya usukani, akaona zulia limejikunja chini ya pedali ya klachi. Kisha akalivuta zulia, akalikunja kwa adabu, akaliweka kitini. Akakanyaga pedali, safari hii ilizama hadi mwisho. Rivasi ikaingia kama kisu katika halua.

Mzee Haji akajitia kukohoa. Kafili aliyatazama maua mekundu, akayajua ni ya nani.

"Halas, yamekwisha, Suleiman," alisema. "Mwanao ameshashuhudia."

Baba alinitazama. Alikuwa na neno moja la kujiokoa: mtoto huyu amesema uongo. Hakulisema. Alitoa funguo.

Jioni, Mama akifunga mizigo, Baba aliniuliza swali moja tu: "Uliona?"

"Nilisikia, Baba."

"Jicho lina kope," akasema, "sikio halina. Lilinde wewe mwenyewe."

Hakunipiga, na kwa miaka mingi nilidhani nimesamehewa kwa wepesi. Nilipokuwa na wanangu ndipo nilipofahamu kwamba kafili hakuja kutafuta ukweli kwangu. Alitaka kauli ya kufungia shauri, na ilipodhihiri kwamba kosa ni la mama yake, aliishika kauli yangu kama ngao. Baba naye alichagua kupoteza ikama kuliko kuniita mwongo mbele ya watu. Kafili nimemkasirikia nusu ya umri wangu. Nusu nyingine nimemkasirikia mtoto yule.

Nimemgeukia mjukuu wangu.

"Umeona anavyokanyaga klachi?"

"Nimesikia tu, Babu."

"Basi niletee viatu. Tunashuka kuangalia."