Nilimtafutia mathe kibali cha choo, jirani akapoteza jiko

Wakuu, habari zenu. Niaje kwa watu wa Eastlands.

Mimi ni msomaji wa kimya hapa, sipendi kuandika. Lakini juzi kuna jamaa ameuliza kama ni lazima utafute kibali ukitaka kuongeza kitu kwa nyumba ya kale, na nusu ya mliojibu mlimwambia ajenge tu. Nusu nyingine mlimwambia afuate sheria na atalala usingizi. Mimi nilifuata sheria, na nitawaambia ilivyokuwa. Sijaongeza chumvi. Pale nilikosea nitasema nilikosea.

Jina la mtaa sitaweka. Ni zile estate za wafanyakazi wa reli, sio mbali na Jogoo Road, nyumba za mawe za vyumba viwili na paa la vigae. Kati ya nyumba na nyumba kuna uchochoro. Choo kiko nje, mwisho wa laini, mnashare watu wa nyumba sita.

Mzee wetu alikuwa reli. Aliuziwa hiyo nyumba, akaishi ndani mpaka alipofariki. Mathe, mama yangu, amebaki pale peke yake. Wanamwita Mama Wafula. Wafula ndio mimi.

Sasa, mwaka jana msimu wa mvua, mathe aliteleza asubuhi akienda chooni. Akavunjika nyonga. Alifanyiwa operesheni, akarudi nyumbani na kile kifaa cha chuma cha miguu minne cha kutembelea. Daktari alituambia wazi: akianguka tena, hatasimama.

Mimi naishi Umoja, floor ya nne, hakuna lifti. Nilimwambia ahamie kwangu. Akaniambia, "Wafula, huko kwako nitakuwa nachungulia watu kwa dirisha mpaka nife. Nijengee choo hapa."

Hiyo ndiyo ilikuwa project yote. Chumba kimoja kidogo nyuma ya nyumba, choo na bafu, mlango unafungukia chumbani kwake. Fundi alisema ni kazi ya wiki mbili.

Shida ni kwamba estate yetu iko kwa ile orodha ya majengo ya kale ya jiji. Mbele ya nyumba huruhusiwi kugusa chochote, hata rangi ya dirisha. Nyuma unaweza kuongeza, lakini uwe na ramani iliyopitishwa. Watu wengi mtaani hawajui, na wanaojua wanajifanya hawajui. Wanazungusha mabati, fundi anafanya kazi ndani, wakitoa mabati kuna chumba.

Mimi sikutaka hivyo. Naomba mnielewe, kazi yangu ni kukagua mali kwa kiwanda pale Industrial Area. Napima kitu, naandika nilichoona, nasaini. Nimefanya hivyo miaka kumi na nane. Pia niliogopa kanjo, askari wa jiji, waje wabomoe choo na mathe yuko ndani.

Nikatafuta mchoraji wa ramani. Kijana mmoja anaitwa Kimani, ana ofisi juu ya duka la hardware, anajua kazi yake. Alikuja Jumamosi na tape, akapima nyumba yote, akapima nyuma, halafu akafika uchochoroni akasimama.

Uchochoro wetu haukuwa wazi. Ulikuwa na jiko la Mama Zuhura.

Mama Zuhura ni jirani wa upande wa pili wa uchochoro, Mwislamu, amezaliwa hiyo estate. Jiko lake lilikuwa la mabati na mbao, limejaza uchochoro kutoka ukuta wake mpaka wetu. Ameweka hapo tangu nikiwa shule ya msingi. Kila asubuhi anapika mahamri na mbaazi, watu wanaoenda kazi wanapitia. Dirisha la mathe linafungukia ndani ya hilo jiko. Mama Zuhura akiwasha moto anabisha kwa hilo dirisha, "Mama Wafula, umeamkaje?" Mathe anajibu, kikombe cha chai kinapitishwa, siku inaanza. Tangu operesheni hakuna asubuhi ambayo huyo mama hakubisha. Mimi nikiwa Umoja nilikuwa nalala nikijua kuna mtu.

Kimani akaniita kando. "Mkubwa, hapa naandika uchochoro, sawa?"

Nikamwambia si uchochoro, ni jiko.

"Naona ni jiko. Lakini kwa ramani hatuchori extension za majirani. Estate yote hii, ramani zote nimepeleka, hapa panaandikwa uchochoro wazi. Choo chako hakigusi hapa hata kidogo."

Nikamuuliza, na afisa akija kukagua?

"Anakuja, anaona, anaendelea. Wanajua."

Wakuu, hapa ndipo nilijiona mimi ni mtu wa maana sana. Nilimwambia mimi sisaini kitu ambacho si kweli. Nilimwambia wakija wakute ramani inasema wazi na jiko liko pale, watafikiri na choo nimedanganya, na mathe ndiye ataumia. Kimani aliinua mabega, akachora jiko. Alichora vizuri, na vipimo. Akaandika "jiko la mabati, la jirani".

Sikumwambia Mama Zuhura. Wala mathe sikumwambia. Haikuniingia akilini kwamba kuna kitu cha kuambiana. Kwangu ilikuwa tu laini kwa karatasi.

Tukapakia makaratasi kwa mtandao wa ofisi ya jiji. Walirudisha mara mbili: mara ya kwanza walitaka nakala ya hati iliyo wazi zaidi, mara ya pili walitaka tuonyeshe vigae vya choo vitafanana na vya zamani. Hiyo ni haki yao. Gharama sitaweka hapa, uzi utageuka. Nitasema tu hakuna mtu aliniomba kitu kidogo, na mimi sikutoa.

Baada ya wiki kadhaa akaja afisa kukagua. Dada mmoja mpole, viatu vya matope, amebeba ramani yetu kwa faili. Akaangalia nyuma, akaangalia uchochoro, akaangalia karatasi. Mama Zuhura alimkaribisha chai, akakataa kwa heshima.

Akaniambia, "Umechora vizuri. Wengi hawachori."

Nilifurahi. Sitawadanganya, nilifurahi kama mtoto wa shule aliyepewa tiki.

Barua ikaja. Choo kimepitishwa, kwa sharti moja: uchochoro ufunguliwe kwanza kabla kazi haijaanza. Siku hiyo hiyo Mama Zuhura naye akabandikiwa notisi kwa mlango wa jiko, abomoe ndani ya siku kumi na nne.

Notisi ilikuwa ya Kiingereza. Mama Zuhura hasomi Kiingereza. Akaibandua, akangoja Jumapili nikija kumwona mathe, akaniletea nimsomee.

Nilimsomea pale pale kwa mlango. Ndani ya notisi walikuwa wameandika jinsi walivyojua: kwa mujibu wa ramani iliyoletwa na mwenye nyumba ya jirani, na namba ya ramani yetu. Ningeweza kuruka huo mstari. Niliusoma.

Akaichukua notisi, akaikunja. Halafu akauliza, "Wafula, ndio wewe uliwaonyesha?"

Nikasema ndiyo, nilichora kilichokuwepo.

"Na mimi nilikuwepo pia," akasema. "Si ungeniuliza."

Mathe alikuwa amekaa ndani, amesikia yote kupitia dirisha. Aliniambia niende nyumbani kwangu.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini nikaenda ofisi yao. Nilitaka kuondoa maombi yote, choo na kila kitu, ili notisi ife. Yule dada alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia choo naweza kuondoa, notisi haiondoki.

Nikamwambia, lakini hizi extension zote mlikuwa mnaziona kila siku.

Akasema, "Kuona kwa macho ni kitu kimoja. Mtu akituandikia kwa karatasi, hatuwezi kusema hatukuona."

Hakuwa mbaya. Nikiwa kwa kiti chake ningesema hivyo hivyo, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Nilimwuliza kama Mama Zuhura anaweza kuomba kibali cha hilo jiko. Haiwezekani, uchochoro uko kwa ramani ya awali ya estate na lazima ubaki wazi. Nikauliza kitu kimoja cha mwisho: mtu akigeuza chumba chake cha ndani kuwa jiko, anahitaji kibali? Akasema kama hagusi ukuta wala paa, hapana. Niliuliza nikifikiria chumba cha Mama Zuhura. Lakini kwake vyumba vyote viwili vimejaa wajukuu.

Jiko lilitolewa siku ya kumi. Hakungoja kanjo. Fundi wetu wa choo ndiye alimsaidia kung'oa mabati, kwa sababu ndiye fundi aliyekuwa karibu. Nilikuja kusaidia, Mama Zuhura akasema watu wametosha.

Maombi sikuyaondoa, na choo kilijengwa wiki mbili, kama fundi alivyosema. Kiko sawa. Mathe hajaanguka tena, na hilo nashukuru sana, sitajifanya.

Lakini nilipotoka ofisini nilimweleza mathe kwamba chumba cha ndani kikigeuzwa jiko hakihitaji kibali, na aliisikia vizuri kuliko nilivyodhani. Siku mbili baada ya jiko kung'olewa alitoa makochi ya sebule, akauza. Akamwambia Mama Zuhura alete makarai yake. Sasa sebule ya mzee wangu ndiyo jiko la mahamri. Wateja wanapanga laini mbele ya ile nyumba ambayo hairuhusiwi kubadilishwa rangi ya dirisha, na hakuna sheria yoyote imevunjwa.

Nilichojifunza ni hiki, mchukue au mwache. Kibali tafuteni, sijasema msitafute. Lakini kabla penseli haijafika kwa mpaka wa mtu, bisha hodi kwake umwambie unataka kuchora nini. Hata kama mwisho wa mambo bado ungechora. Hasa kama bado ungechora. Nilikuwa mkweli kwa ofisi nzima ya watu nisiowajua, na mtu aliyekuwa ananiangalizia mama yangu alikuja kujua kwa notisi.

Bado naenda kila Jumapili. Ninakaa kwa ndoo iliyopinduliwa, maana viti hakuna. Mama Zuhura ananipa chai, hajawahi kuninyima. Huyu ni mtu aliyenibeba mgongoni mathe akiwa hospitali akimzaa dada yangu, na maisha yangu yote ameniita mwanangu. Sasa nikifika anageuka upande wa chumbani, anaita kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama Wafula, mgeni wako amefika."

Mathe hamrekebishi.

Kwa hivyo mtakaojibu, msiniandikie habari za ada na portal, hizo nazijua. Niambieni tu: wewe ungekuwa umeshika hiyo karatasi, ungeandika jiko au uchochoro?