Mpiga Picha wa Farasi Wasiokuwepo

Binamu yangu Kefentse hakuwahi kumpiga picha kiumbe mwenye damu mpaka alipokuwa mtu mzima na ndevu zake. Kazi yake, kama ile ni kazi, ilikuwa kujifungia chumbani kwa mama yake hapa Mochudi, Botswana, akipiga picha farasi wa kwenye kompyuta. Mle ndani kuna ulimwengu mzima wa kuigiza: watu wanajichonga sura, wanapanda farasi, wanacheza dansi, na Kefentse anawanasa wakiwa mbioni. Walimpa cheo, Bwana wa Mwendo. Alitaka na sisi tumwite hivyo, huku akila seswaa, nyama ya kuchemsha na kuponda, aliyonunua dada yake.

Ujanja wake niliuona kwa macho yangu. Farasi akiruka, anabonyeza kitufe, kila kitu kinaganda kwenye skrini: kwato hewani, vumbi hewani. Kisha anazunguka polepole, anachagua upande, anashusha jua anavyotaka, anakunywa chai, ndipo anapiga.

"Huku kwenu ni ovyo," aliniambia. "Mwanga mbaya, watu hawana umbo."

Dada yake, Mmaphefo, alipokuwa anaolewa, Kefentse alimkataza kukodi mpiga picha. "Hao wanajua picha za vitambulisho tu. Mwendo niachie mimi."

"Kaka, una hakika?"

"Unajua unaongea na nani?"

Mmaphefo alimwamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Siku ya harusi wasimamizi walitoka na hatua zao walizofanyia mazoezi tangu msimu wa baridi, vigelegele juu, vumbi juu. Kefentse, na kamera ya kuazima, alikuwa anarudi nyuma kama mtu anayefukuzwa na nyuki.

"Simameni! Mguu ubaki juu, hapohapo!"

"Ubaki juu aushike nani?" shangazi Seipone akamjibu huku akicheza. "Toka njiani wewe, utakanyagwa!"

Uwanja mzima ulicheka. Akaamuru warudie kutoka mwanzo. Nani arudie?

Picha zilipotoka zilikuwa ukungu mtupu. Bibi harusi alikuwa doa jeupe. Kulikuwa na migongo, na nusu ya sufuria. Moja tu ilitoka safi, ya mbuzi, na mbuzi mwenyewe alikuwa amelala.

Mmaphefo alizipitia moja moja. Kefentse hakuomba hata radhi. Alisema wachezaji hawakuwa na nidhamu. Baadaye akamwita dada yake chumbani. Alikuwa ameitengeneza harusi upya kule ndani: bibi harusi mrefu, kiuno cha dondora, ameruka, shela imetanda hewani. Picha ile ilikuwa imeshinda shindano la wenzake, akapewa kikombe cha dhahabu kisichoshikika.

"Huyu nani?" Mmaphefo aliuliza.

"Wewe."

"Na mume wangu yuko wapi?"

Kefentse aliisogelea skrini, akaitazama kwa makini. Alikuwa amesahau kumweka.

Mmaphefo aliondoka bila kuaga. Sebuleni kwake ametundika picha ambayo shangazi Seipone aliipiga kwa simu. Kidole kimeziba kona, lakini maharusi wanacheka na miguu yao haijagusa chini.

Juzi Kefentse aliniuliza kama namfahamu mtu anayetafuta mpiga picha wa harusi. Nilimwambia simfahamu.