Kompyuta Isiyoazimwa

Tukuswiga wa Tunduma, muuza mchele, aliyeishia darasa la saba, alikuwa katibu wa umoja wa akina mama kanisani kwake mwaka wa tisa. Mihtasari aliiandika kwa mkono, kisha akaipeleka steshenari kuchapwa. Mwezi mmoja kikao kilizungumzia mama aliyepigwa na mumewe, jambo la kuishia kwenye kuta nne. Mchapaji wa steshenari akalichapa huku akilisoma kwa sauti. Kufikia Jumapili hata madereva wa malori waliokuwa kwenye foleni ya kuvuka mpaka kwenda Nakonde walikuwa nalo, na yule mama hakuonekana tena kanisani.

Tukuswiga akaapa. Karatasi ya akina mama isingechapwa tena nje ya nyumba yake. Angenunua kompyuta na kujifunza mwenyewe, hata kwa kidole kimoja.

Kwa Luka, muuza kompyuta zilizotumika, mumewe Mbonile alikwenda moja kwa moja kwenye laptopu. Luka akamuunga mkono: ina betri, umeme ukikatika kazi inaendelea, haijazi meza, unakwenda nayo popote. Kwenye hilo neno popote ndipo alipoharibu.

“Sitaki kitu cha kwenda popote,” Tukuswiga alisema. “Nataka kinachokaa. Umeme ukikatika nitachambua mchele, ukirudi nitaandika.”

Luka akacheka, akasema mama huyu bado yuko enzi za taipureta. Mbonile naye akacheka, na jioni hiyo akakuta sufuria imefunikwa kifudifudi.

Luka alikuwa mgeni wa mambo. Mbonile alijifanya mgeni. Kwa ndugu zake wa Ibaba, kitu kinachobebeka ni cha ukoo mzima. Bomba la kupulizia dawa lilipanda huko kwa ahadi ya wiki mbili, na sasa ulikuwa mwaka wa tatu. Redio ilikwenda msibani ikabaki kuomboleza. Baiskeli ilirudi bila tairi la mbele, na Boazi, kaka mkubwa wa Mbonile aliyeirudisha, akakaa kusubiri ashukuriwe. Kumdai mkubwa ni kumtukana, basi hakuna aliyedai.

Tukuswiga akanunua ya mezani: kioo chake, sanduku lake, kibodi, na waya kama utumbo wa mbuzi. Kwa wiki mbili aligonga herufi mpaka kidole kikafa ganzi, akafika mahali pa kuchapa jina zima la umoja bila kosa.

Alhamisi akaenda Msangano kufuata mchele. Aliporudi, sanduku lilikuwepo, kibodi ilikuwepo, waya zinaning'inia. Kioo hakipo.

Mbonile akaeleza kwa utulivu wa mtu aliyefanya vizuri. Kaka alipita na gari la mtu, akaiona tivii, akasema anaiazima aangalie mpira.

“Lakini kompyuta nimekulindia, Mama Fides,” akasema, akaligonga lile sanduku kwa kiganja. “Hii nimemkatalia kabisa.”

Tukuswiga akamuuliza, hizo wiki mbili alizokuwa akimwona anaandika, maneno alikuwa akiyasoma wapi. Mbonile akaligeukia sanduku kana kwamba lingemsaidia kujibu.

Kesho yake Tukuswiga alipanda gari la asubuhi kwenda Ibaba. Kioo alikikuta sebuleni kwa Boazi, juu kimetandikwa kitambaa cha kufuma, nyuma kimefungwa waya wa antena. Boazi akaanza kulalamika kabla ya salamu kuisha: tivii yenu mbovu, haitoi picha, nimemwita fundi aje kuifungua. Mkewe akaleta ugali na maji ya kunawa.

“Nawa, shemeji,” Boazi akasema.

“Sikuja kula.”

Katika nyumba ile hakuna mke wa ukoo aliyewahi kuyaacha maji ya kunawa.

“Bomba na redio vilikuwa vya mdogo wako, mtajuana,” akaendelea. “Hiki ni changu.”

Boazi akasema mwanamke wa kumfuata mkubwa wa mumewe kudai vitu hajawahi kumwona.

“Basi leo umemwona, shemeji.”

Akachomoa antena, akakivingirisha kioo ndani ya kitenge, akakibeba mgongoni kama mtoto mchanga.

Tunduma aliposhuka hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa fundi wa magrili, na kesho yake jioni kioo na sanduku vilikuwa ndani ya kizimba cha nondo kilichokazwa na bolti kwenye meza, kufuli mbele. Mbonile alikizunguka mara mbili.

“Watu watasema ndugu zangu ni wezi.”

“Sijasema wezi. Mwizi anajua kwamba amechukua cha mtu.”

Akavuta kiti, akawasha, akafungua daftari la kikao na kuanza kugonga, kila herufi kama anaua mdudu. Mbonile akasogea nyuma yake, akainama achungulie kilichoandikwa.

“Toka,” akamwambia, bila kugeuka.