Siku Tisa Bila Kuhuisha

Nilikosa usingizi kwa swali ambalo mtu mwingine angelijibu kwa kubonyeza kitufe kimoja: nikihuisha nakala yangu ya faili, kazi yangu itabaki au itafutika? Nililigeuza swali hilo mpaka majogoo wa mtaa wetu wa Kikuyu, hapa Dodoma, wakaanza kuwika, na kila nilipokaribia jibu, nililikuta swali la pili limekaa nyuma yake: na wale watu wa Kibakwe kule milimani je, gari la mafundi likiondoka bila kupangiwa kwao?

Nilikuwa na miezi minne kazini, kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo. Ilikuwa ile miaka ambayo mashirika ya umma yalikuwa yakiuzwa, na watu wazima wenye watoto wakirudi nyumbani na barua za kupunguzwa. Mimi, msichana aliyehitimu juzi, nilikuwa nimepata meza, kiti na kompyuta. Niliogopa kila kitu. Niliogopa hata kuchomoa waya wa feni.

Mradi wetu ulikuwa mdogo. Tulitunza kumbukumbu za visima na pampu za mkono za vijiji vya upande ule wa nyanda za kati, ili mafundi wajue waende wapi. Ofisini tulikuwa watatu. Mkuu wetu alikuwa mzee wa Kondoa, fundi wa maji wa siku nyingi, ambaye adhana ikilia aliacha kalamu katikati ya neno. Mwenzangu alikuwa kijana wa Mpwapwa mwenye pikipiki. Alizunguka vijijini wiki nzima na kuja ofisini siku moja au mbili tu, kuingiza aliyoyaona. Mimi sikutoka. Visima nilivijua kwa namba zake.

Faili zote, moja kwa kila kata, zilikaa kwenye kompyuta kubwa chumbani kwa mzee, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kuzuia vumbi. Hizo ndizo zilikuwa asili. Kila mmoja wetu alikuwa na nakala kwenye kompyuta yake na alifanya kazi humo. Mtaalamu wa kujitolea aliyetuwekea utaratibu huo alikaa miezi mitatu akaondoka, akatuachia karatasi ukutani. Asubuhi, kabla hujagusa chochote, huisha nakala yako, ili mabadiliko ya wenzako yaingie kwako. Jioni, kabla hujaondoka, peleka ya kwako. Neno kuhuisha lilikuwa la mzee. "Apdeti, apdeti," alisema, "mnaongea kama mnapiga chafya."

Mwanzoni niliipenda saa ile ya kuhuisha kuliko saa nyingine yoyote. Niliandika amri, na majina ya faili yakaanza kushuka kwenye skrini polepole, kila moja limetanguliwa na herufi moja. U ilimaanisha kwamba faili limepokea habari mpya. Nje upepo ulikuwa ukizungusha vumbi jekundu juu ya uwanja, mwanamke akipita na sinia la zabibu kichwani, na mimi nikizitazama zile U zikidondoka moja baada ya nyingine. Kila U ilikuwa mahali ambapo mwenzangu alisimama. Alishuka kwenye pikipiki, akashika mkono wa pampu, akausukuma, akangoja. Wakati mwingine, nikisoma safu hizo, niliyasikia hata maji yenyewe yakipanda kutoka chini, sauti ile ya kukwaruza kabla hayajatoka. Nilikuwa sijawahi kukiona hata kimoja cha visima hivyo.

Kisha asubuhi moja ikatokea C. Maana yake mgongano: mimi na mwenzangu tulikuwa tumebadilisha mstari mmoja, kila mtu kwenye nakala yake. Nilifungua faili nikakuta mishale na alama za sawasawa zimepita katikati ya maandishi yangu, mithili ya boma la miiba lililojengwa usiku. Sikusoma zaidi. Nilifunga, nikarudisha faili langu la zamani kutoka kwenye disketi, nikaamua kwamba sitahuisha tena mpaka nimalize nilichokuwa nacho mkononi.

Nilichokuwa nacho kilikuwa kazi kubwa. Mipaka ya kata ilikuwa imebadilishwa, na nilikuwa narekebisha namba ya kata kwenye mstari wa kila kitongoji kilichohamishiwa kata nyingine. Nilijiambia siku mbili zitatosha. Zikawa tano, zikawa tisa. Kwa kuwa mfumo haukukubali kupokea kazi ya mtu ambaye hajahuisha, hata yangu sikuipeleka. Badala yake niliijaza kwenye disketi. Moja niliiandika "mwisho". Iliyofuata, "mwisho kabisa". Ya tatu, "mwisho wa kweli".

Ajabu ni kwamba nilistarehe. Katika nakala yangu, kwa siku tisa hakuna pampu iliyoharibika. Hakuna kisima kilichokauka wala mnyororo uliokatika. Nchi nzima ilikuwa imetulia mle ndani, kutoka vilima vya Mpwapwa hadi tambarare za Bahi, kila mkono wa pampu ukiwa pale nilipouacha, jua limesimama saa nane mchana. Nilitembea katika nchi ile nikibadilisha namba moja moja, na hakuna aliyenijia na habari.

Jumatano mzee aliniomba orodha ya pampu mbovu, kwa sababu printa ilikuwa imeunganishwa kwangu. Gari la mafundi lingeondoka Ijumaa saa mbili asubuhi, kwa wiki tatu. Baada ya hapo mvua zingeanza, na barabara za milimani zisingepitika mpaka ziishe. Niliichapa kutoka kwenye nakala yangu. Nakumbuka nilivyoikunja vizuri.

Alhamisi alasiri mwenzangu aliingia akiwa mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Funga mlango, unatuletea shamba zima."

Akanigeukia mimi. "Msomi! Bado upo? Nilidhani hiyo kompyuta imeshakumeza."

"Inajaribu. Za Kibakwe?"

"Mawe tu, dada. Kiuno changu kimebaki kule, nimekuja na cha kuazima." Alikaa, akavua kiatu, akamwaga mchanga kwenye ndoo ya takataka. "Ila kile kitongoji cha juu wamefurahi. Nimewaambia wiki ijayo mafundi watakuwa kwao."

"Kitongoji gani?"

"Kile ambacho fimbo ya pampu imekatika. Si niliingiza wiki iliyopita? Kina mama wanafukua mchanga mtoni. Mtu anafika alfajiri, ndoo inajaa saa nne. Bibi mmoja ameniahidi kuku."

"Kuku wa mradi huyo," mzee alisema bila kuinua kichwa. "Tutagawana."

Walicheka. Mimi niligeukia skrini, nikautafuta mstari wa kitongoji hicho. Kwangu kulikuwa kumeandikwa: inafanya kazi.

Orodha ya Jumatano haikuwa nacho, na ilikuwa lazima niseme. Mzee angeuliza kwa nini, na ningelazimika kusema siku tisa. Mkataba wangu wa majaribio ulikuwa unaisha mwezi ule. Na kuhuisha kwenyewe, je? Namba za kata mia kadhaa, mishale ikipita juu yake? Nilifikiria kukiongeza kitongoji kile kwa kalamu tu, chini ya orodha, nikaona kwamba kama mstari mmoja ulikuwa wa zamani, sikuwa na haki ya kuuamini hata mmoja wa mingine. Ofisi ilifungwa nikiwa bado nafikiri. Nikaenda nyumbani na mawazo yangu, nikalala nayo macho wazi.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa mlangoni pa ofisi. Mlinzi alinitazama juu mpaka chini.

"Leo umeota ofisi?"

"Nimeiota, baba. Naomba unifungulie."

Mwanga ulikuwa wa kijivu na baridi ile ya Dodoma ya kabla ya jua ilikuwa imejaa chumbani. Niliandika amri. Kidole kilikaa juu ya kitufe muda mrefu. Nilimuwaza yule mtu anayefika mtoni alfajiri. Alikuwa tayari ameshafika. Nikabonyeza.

Zilishuka U nyingi kuliko nilivyowahi kuona, siku tisa zote za mwenzangu, barabara zote alizopita. Karibu na mwisho, C moja. Ilikuwa kata ya kitongoji cha juu. Nilifungua faili, na safari hii nilisoma. Mashine haikuwa imefuta kitu. Ilikuwa imeweka mstari wangu juu, wenye namba mpya ya kata na neno inafanya kazi, na mstari wake chini, wenye namba ya zamani na maneno fimbo imekatika, kisha ikaacha, ikingoja mtu aamue. Nilichukua namba yangu na maneno yake, nikafanya mstari mmoja, nikafuta mishale. Namba zangu nyingine zote zilikuwa palepale. Nikapeleka kazi yangu kwenye asili, nikachapa orodha upya. Kijiji kimoja kilikuwa kimetoka, wenyewe walishatengeneza pampu yao. Kitongoji cha juu kilikuwa kimeingia.

Printa ilikuwa bado inalia mwenzangu alipofika. Nilimweleza kila kitu nimesimama.

"Siku tisa?" Hakucheka. "Mimi naingiza, wewe unaangalia ukuta?"

"Ndiyo."

"Na wale nimewaahidi mimi, kwa mdomo wangu."

"Najua. Gari liko wapi?"

Aliangalia saa. "Karakana, Nzuguni. Panda, msomi. Shika karatasi zako, usinishike mimi."

Tulilikuta gari bado lipo, geti likiwa wazi, mafundi wakifunga turubai. Mzee alikuwa amesimama kando ya mlango wa dereva, orodha yangu ya Jumatano mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kuna nini?"

Njiani nilikuwa nimetunga maelezo marefu yenye mfumo, mgongano na mipaka ya kata. Sikuyatumia.

"Orodha hiyo ni ya zamani. Sikuhuisha kwa siku tisa, nikachapa hivyo hivyo. Sahihi ni hii."

"Kwa nini hukuhuisha?"

"Niliogopa kupoteza kazi yangu, mzee."

Alinitazama, kisha akavaa miwani na kuzisoma orodha zote mbili mstari kwa mstari, kidole kikitembea. Dereva alizima injini.

"Fungueni turubai," aliwaambia mafundi. "Ongezeni fimbo. Mtapanda Kibakwe." Na kwangu: "Jumatatu, wewe na mimi tutazungumza."

"Sawa, mzee."

Nikaichukua ile ya Jumatano mkononi mwake, nikaichana vipande vinne, nikiwa bado naogopa.